MVAMIZI MWENYE BOMU LA NYUKLIA HUZUIWAJE?



Wazee wetu wanakumbuka mwezi Machi 1979, ndege ya kivita ya Libya ilipofika Mwanza. Ilikusudia kupiga matangi ya mafuta, lakini mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Kabla ya hapo Kanali Gaddafi alikuwa ameitaka Tanzania iondoe majeshi yake Uganda, la sivyo Libya ingeingia vitani. Mwalimu Nyerere hakuyaondoa, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka.

Sasa tazameni vizuri. Idi Amin alipovamia Kagera Oktoba 1978 alijua kuwa Tanzania ina jeshi. Jeshi lile halikumzuia asiingie. Lilimtoa akiwa ameshaingia. Kumzuia adui asianze vita ni kumfanya aamini kwamba hasara itazidi faida. Kwa hiyo kunategemea hesabu iliyomo kichwani mwake. Akidhani hatajibiwa, au asipojali watu wake wakifa, kitisho hakimwingii.

Mwalimu alituambia tunao uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin. Je, kama siku zile Gaddafi angekuwa na bomu la nyuklia? Sababu ingebaki, na nia pengine ingebaki. Uwezo ndio ungetiwa shaka, maana bomu moja liliuteketeza mji wa Hiroshima mwaka 1945. (Sehemu kubwa ya urani ya bomu lile ilichimbwa Shinkolobwe, Kongo, kwa jirani zetu wachimbaji wenzetu.)

Jambo hilo ndilo lililoikuta Ukraine. Mwaka 1994, mjini Budapest, ilikubali kuachana na silaha za nyuklia zilizobaki kwake baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika. Urusi, Marekani na Uingereza zikaahidi kuiheshimu mipaka yake. Mwaka 2014 Urusi ikaichukua Crimea, na Februari 2022 ikaivamia nchi yenyewe. Marekani na wenzake walipeleka silaha, ila si askari wao kupigana, na kwa muda mrefu waliikataza Ukraine kuzitumia silaha hizo ndani kabisa ya Urusi. Hawakukosa majeshi, waliogopa vita vya nyuklia. Basi bomu likawa ngao ya mvamizi: anapiga huku akiwatisha wanaotaka kumsaidia anayepigwa. Hata sisi huku Shinyanga tulivionja vita vile mwaka 2022, bei za mafuta na ngano zilipopanda.

Lakini ngao hiyo nayo ina matundu. Agosti 2024 askari wa Ukraine waliingia Kursk, ndani ya Urusi, na bomu halikutumika. Marekani ilikuwa nayo mabomu hayo iliposhindwa Vietnam.

Wapo wanaosema, basi kila nchi iwe na lake. Afrika ilikataa njia hiyo. Mwaka 1984 Mwalimu aliungana na viongozi wa India, Sweden, Mexico, Argentina na Ugiriki kuyataka mataifa makubwa yaache kuyaunda. Kisha tarehe 11 Aprili 1996, siku ile ile ya Kampala, mkataba wa Pelindaba ulitiwa saini Cairo, ukaanza kazi 2009. Unazikataza nchi zetu kuwa na silaha hizo, na unayataka mataifa yenye nazo yaahidi kutotupiga wala kututishia kwazo. Marekani ilitia saini ahadi hiyo mwaka 1996. Seneti yake haijaiidhinisha.