Mukaba wenye kung'aa: namna mbwa mudogo anaweza kuonekana usiku barabarani

Mbwa mudogo mwenye anavuka barabara usiku hana namna ya kumujulisha dereva kwamba yuko pale. Ni mufupi, na mara nyingi manyoya yake yana rangi ya lami ao ya vumbi. Akikatiza mbele ya moto, motari anamuona wakati breki haisaidie tena. Matokeo yanajulikana na kila mukaaji wa Goma, Bukavu ao Butembo: mbwa anakufa, ao motari anaanguka pamoja na mutu mwenye alikuwa amemubeba.

Inchini India, shida hiyo ilimusukuma kijana mumoja kutafuta dawa. Katika mwaka wa 2014, Shantanu Naidu alikuwa injinia kijana katika muji wa Pune. Siku moja, wakati alikuwa anarudi nyumbani kutoka kazini, aliona mbwa amegongwa na kufia barabarani. Alipoanza kuuliza madereva, alielewa kwamba wengi hawakukosa huruma. Walikosa kumuona mbwa mapema.

Pamoja na marafiki zake, alitengeneza mikaba ya shingoni yenye kushonewa kitambaa chenye kurudisha mwangaza. Hawakuwa na feza nyingi. Basi walipita nyumba kwa nyumba wakiomba suruali za jinzi zenye watu hawakuvaa tena, wakazikata na kuzishona kuwa mikaba. Kisha wakazunguka barabarani wakiwafunga mbwa wasiokuwa na mwenyewe. Kazi hiyo waliipa jina la Motopaws.

Baba yake alimushauri amuandikie Ratan Tata, tajiri mwenye alikuwa ameongoza makampuni ya Tata kwa miaka mingi na mwenye alijulikana sana kwa kupenda mbwa. Hata ndani ya Bombay House, makao makuu ya makampuni hayo mu Mumbai, kuna chumba kilichowekwa kwa ajili ya mbwa wa barabarani. Tata alijibu barua, akakutana na kijana huyo, na akatia feza zake katika kazi hiyo. Baadaye Naidu akawa musaidizi wake, na alibaki karibu naye mpaka Tata alipofariki tarehe 9 Oktoba 2024, akiwa na miaka 86.

Kwa nini meta chache zinaokoa

Hesabu yake ni nyepesi. Moto yenye kukimbia kilometa 40 kwa saa inapita meta 11 hivi kila sekunde. Dereva akimuona mbwa akiwa meta 15 mbele yake, anabaki na zaidi kidogo ya sekunde moja, na karibu sekunde hiyo yote inaishia katika kushituka na kutafuta breki. Akimuona akiwa meta 60, anapata sekunde 5. Hapo anaweza kupunguza mwendo bila kuyumba na bila kumuangusha mutu wa nyuma.

Ni kweli kwamba macho ya mbwa na ya paka yanang'aa usiku. Nyuma ya jicho lao kuna ngozi nyembamba yenye kurudisha mwangaza, na inawasaidia kuona mu giza. Lakini mungao huo unaonekana tu ikiwa munyama anaangalia taa. Mbwa mwenye kupita kwa ubavu, ao mwenye amegeuza kichwa, anabaki kivuli.

Namna mbili za mikaba

Mukaba wa kwanza ni ule wa kitambaa chenye kurudisha mwangaza, kama wa Pune. Ndani ya kitambaa hicho muna vishanga vidogo sana vya kioo, ao vipande vidogo vya plastiki, vyenye kurudisha mwangaza wa fari kule ulikotoka, kwenye macho ya dereva. Haukuombe pili wala umeme, na hauchoke haraka.

Wa pili una taa zake wenyewe, zile ndogo za LED. Taa hizo zinakula umeme kidogo sana. Mingi ya mikaba hiyo inachajiwa kwa kamba ya USB kama simu. Faida yake ni kwamba unaonekana hata kama hakuna fari inayoumulika: mwenye mbwa anajua mbwa wake yuko wapi ndani ya lupango ao katika majani, na mutu mwenye anatembea kwa miguu hamukanyage. Ubaya wake ni kwamba, chaji ikiisha, mbwa anarudi gizani. Kwa hiyo mukaba mwema ni ule wenye vyote viwili.

Kwa mbwa mudogo, uzito ni jambo la kuangalia. Mukaba wa mbwa mukubwa utamuchosha shingo. Ukifungwa vizuri, vidole viwili vinapita kati yake na shingo. Kama manyoya ni marefu, yanafunika taa. Inafaa kuyakata kidogo pale, ao kumuvalisha kikoti chenye kung'aa mugongoni. Paka anahitaji mukaba wenye kifungo chenye kujifungua kikivutwa kwa nguvu, sababu paka anapanda miti na ua, na anaweza kunyongwa.

Mikaba mingine inatumia pili ndogo za mviringo kama kifungo. Hizo ni za kuchunga sana. Mutoto ao mbwa akimeza moja, inaweza kuunguza koo yake ndani ya saa chache tu. Kifuniko chake kinapaswa kukazwa kwa visi. Kama pili imemezwa, mutoto apelekwe hospitali mara moja, bila kungoja dalili.

Mwenye hana uwezo wa kununua mukaba anaweza kufanya kama wale vijana wa Pune. Jile ya zamani ya motari, yenye imepasuka, bado ina mistari yake yenye kung'aa. Kipande cha musitari huo kikishonwa juu ya kitambaa kigumu kinatosha kuzunguka shingo ya mbwa mudogo.

Lakini kitambaa hicho kinarudisha tu mwangaza wenye kimepata. Mbele ya moto inayotembea usiku bila fari, hakina cha kurudisha.