KUMPENDA MTU USIYEMJUA

Jambo mama uliyekimbia na watoto na bidoni moja tu mkononi. Jambo baba uliyefungua mlango, ukapokea watu saba katika nyumba ya vyumba viwili. Jambo nyumba-kumi, wachefu wa kata na wazee wa kanisa.

Leo tunasema juu ya upendo wa Kikristo, ule usiodai kurudishiwa. Wengi wetu tunaufikiri kama joto la moyoni. Lakini moyo huchoka. Mgeni wa siku tatu anapokelewa kwa furaha. Mgeni wa miezi sita, chumvi yaisha, makala yaisha, na maneno yaanza nyuma ya nyumba. Simlaumu mwenye nyumba. Nasema tu kwamba hapo furaha ilipokwisha ndipo upendo unapoanza kazi.

Katika Injili ya Luka, sura ya 10, aliyemwuliza Yesu habari za jirani alikuwa mwanasheria. Nami nimesoma sheria, basi namwelewa: alitaka mpaka. Sisi wanasheria twapenda kujua wajibu unaishia wapi. Yesu hakumpa mpaka. Alimpa habari ya Msamaria, mtu wa watu waliodharauliwa, aliyemwokota mwenzake aliyepigwa na wanyang'anyi kwenye njia ya Yeriko. Angalieni mambo madogo: mafuta na divai juu ya vidonda, mnyama wake mwenyewe, dinari 2 kwa mwenye nyumba ya wageni, na ahadi ya kulipa zaidi atakaporudi. Hakuuliza aliyelala pale anatoka upande gani. Hapa kwetu hilo huwa swali la kwanza.

Mtasema hayo ni ya zamani. Haya, tuje Goma. Floribert Bwana Chui alizaliwa mwaka 1981, naye pia alisoma sheria. Pamoja na rafiki zake wa jumuiya ya Sant'Egidio alikuwa akiwasaidia watoto wa barabarani, wale tunaowaita maibobo. Mwaka 2007 alifanya kazi katika OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Watu wakamletea pesa ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite mpakani. Akakataa. Mwezi wa 7 mwaka huo alitekwa, akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 mwezi wa 6 mwaka 2025, mjini Roma, Kanisa Katoliki lilimtangaza Mwenyeheri.

Nani angekula chakula kile? Floribert hakuwajua. Labda mama wa sokoni, labda maibobo, labda mtu aliyemchukia yeye na ukoo wake. Hakuna hata mmoja ambaye angekuja kumwambia asante, maana nani hushukuru kwa ugonjwa ambao haukumpata?

Sisemi kila mtu atafute kufa. Hata kidogo, mama mwenye watoto ana wajibu wa kuishi. Nasema juu ya karatasi. Ninyi viongozi, mpaka mnaoulinda ninyi ni orodha ya wanaopewa unga na shitingi. Jina la shemeji ambaye hakukimbia popote likiingia, jina la mjane fulani limetoka, wala hatajua ni nani aliyelitoa. Niliwahi kukaa mezani wakati orodha ya namna hiyo ikiandikwa. Mzee mmoja, ambaye mwenyewe alipoteza nyumba, alifuta jina la mwanawe aliyekuwa na kazi mjini, akaandika la bibi mmoja asiye na mtu wa kumsemea, tena wa kabila lingine. Hakuna aliyepiga makofi. Mwanawe alimnunia wiki mbili.

Basi, kabla ya kugawa tena, someni orodha kwa sauti mbele ya wote, wenyeji na waliokimbia, na kila jina lielezwe kwa nini limo. Na familia iliyopokea wageni isisahauliwe, maana unga ule unapikwa kwa makala yake.