Kinachozuia damu kumwagika huweza kuziba mishipa

UKIJIKATA kwa panga unapomkatia ng'ombe nyasi, damu hutiririka kwa dakika chache kisha hukoma. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya vilivyomo ndani ya damu, ambavyo huamshana kimoja baada ya kingine. Cha mwisho huitwa thrombini. Hiki hugeuza protini iliyoyeyuka katika damu kuwa nyuzinyuzi, nazo hunasa damu kama wavu na kuziba jeraha.

Lakini thrombini ina kazi ya pili isiyoonekana kwa macho, na ndiyo inayowahusu wenye presha.

Ateri, yaani mshipa unaotoa damu kwenye moyo, imetandikwa ndani kwa utando laini wa seli. Utando huo ukiwa mzima, damu hupita bila kuganda. Chini yake kuna seli za misuli.

Presha, moshi wa sigara, sukari na mafuta mengi katika damu huuchubua utando huo. Damu huganda kidogo mahali hapo, na thrombini hukutana na seli za misuli.

Mwaka 1991, watafiti wa San Francisco, Marekani, wakiongozwa na Shaun Coughlin, walieleza jinsi seli zinavyoupokea ujumbe wa thrombini. Kimeng'enya hiki hukata ncha ya kipokezi kilicho juu ya seli, na sehemu inayobaki hujipinda na kukiwasha kipokezi chenyewe. Seli ya misuli ikipata ujumbe huo huanza kuzaana.

Kwa jeraha la mara moja, huko ni kutengeneza. Jeraha likirudiwa kila siku kwa miaka 20, huwa ni kiraka juu ya kiraka. Ukuta hunenepa, mafuta hujazana ndani yake na njia ya damu hufinyika. Thrombini si mshtakiwa pekee, lakini imo. Siku moja kiraka hupasuka, damu huganda juu yake ghafla, na mtu hupatwa na mshtuko wa moyo au kiharusi.

Aspirini ya dukani

Wako wanaofika kliniki hapa Meru na kule Embu wakisema wameacha tembe za presha, na sasa humeza aspirini kila asubuhi ili "damu iwe nyepesi". Hilo ni kosa la hatari. Aspirini hudhoofisha vigandishi vya damu, yaani chembe ndogo zinazoshikana penye jeraha. Haishushi presha, wala haiponyi ukuta uliochubuka. Huweza kuleta kidonda cha tumbo kinachovuja damu, na mshipa ukipasuka kichwani, huzidisha madhara.

Waliowahi kupata mshtuko wa moyo, au kiharusi cha damu kuganda, huandikiwa aspirini na daktari. Hao wasiiache bila kumwuliza.

Linda ukuta

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na presha, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Presha haiumi. Ukingoja dalili, umechelewa.

Pima presha na sukari. Meza tembe ulizoandikiwa hata ukijisikia vizuri. Acha sigara, punguza chumvi, tembea kwa miguu.

Na miraa? Zao hili hulisha familia nyingi za Igembe na Tigania, lakini lina kathinoni, ambayo hupandisha presha na kuharakisha mapigo ya moyo. Mwenye presha anayetafuna kila siku huuongezea adha ukuta uliokwisha kuchubuka. Heri aache.

Kifua kikibana ghafla, uso ukienda upande, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali mara moja.