Mifupa mikubwa au ni unene tu? Jipime nyumbani

NI kawaida kumsikia mtu akijitetea: "Mimi si mnene, ni mifupa yangu tu iliyo mikubwa." Maneno hayo husemwa Tawa, Kaunti ya Makueni, kama yasemwavyo Nairobi na Mombasa. Je, yana ukweli?

Ni kweli kwamba hatukuumbwa sawa. Mwaka 1983 kampuni ya bima ya Metropolitan Life ya Marekani ilitoa majedwali ya uzito yaliyowagawa watu kwa ukubwa wa mifupa, kwa kupima upana wa kiwiko. Nyumbani, njia rahisi ni kupima kifundo cha mkono.

Jinsi ya kupima

Tafuta utepe kama ule wa fundi wa nguo. Simama ukutani bila viatu, upimwe urefu kwa sentimita. Kisha zungusha utepe kwenye kifundo cha mkono, mbele kidogo ya kifupa kilichotokeza, upande wa kiganja. Gawanya urefu wako kwa kipimo hicho.

Mwanamke akipata zaidi ya 11, mifupa yake ni midogo, 10.1 hadi 11 ni ya wastani; chini ya 10.1 ni mikubwa. Kwa mwanamume, zaidi ya 10.4 ni midogo, 9.6 hadi 10.4 ni ya wastani. Chini ya 9.6 ni mikubwa.

Kwa mfano, mwanamke wa sentimita 160 mwenye kifundo cha sentimita 16.5 hupata 9.7. Mifupa yake ni mikubwa.

Si kisingizio

Hata hivyo, mifupa yote ni takriban asilimia 15 tu ya uzito wa mwili. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani (WHO), mwanamke huyo anafaa kuwa na kilo 47 hadi 64. Akikaribia 64, asihofu. Akifika 85, kilo zilizozidi si za mifupa.

Pima pia kiuno, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Mwanamke akifikisha sentimita 80, au mwanamume 94, hatari ya kisukari na ugonjwa wa moyo huongezeka. Nenda kliniki upimwe sukari na shinikizo la damu.

Vipimo hivi havifai kwa watoto wala kina mama wajawazito.

Punguza sukari na mafuta, utembee zaidi. Mkazi wa Tawa ana vilima vya Mbooni. Wewe wa mjini, anza na ngazi.