Daktari husikia nini anapousikiliza moyo?

Tangu Mfaransa René Laennec alipobuni stetoskopu mwaka 1816, madaktari wameweza kuusikiliza moyo pasipo kuegemeza sikio kifuani mwa mgonjwa. Kinachosikika ni sauti mbili, "lab-dab". Ya kwanza hutokea zinapofunga valvu zilizo kati ya vyumba vya juu na vya chini vya moyo. Ya pili, zinapofunga zile za mishipa mikubwa itokayo moyoni.

Baina ya sauti hizo panapaswa kuwa kimya. Mvumo ukisikika, huenda damu inapita kwenye valvu iliyosinyaa au inayovuja, ingawa kwa watoto wengi mvumo hauna madhara. Ule wa kusinyaa kwa valvu ya mitrali, ambao mara nyingi ni athari ya homa ya baridi yabisi inayofuatia maambukizi ya koo yasiyotibiwa, ni mzito na hafifu. Husikika vyema mgonjwa akilalia ubavu wa kushoto, stetoskopu ikiwekwa chini ya titi la upande huo. Daktari anayesikiliza kwa haraka, tena juu ya shati, ni rahisi kuukosa. Wapo wanawake ambao hugundulika wakiwa tayari wajawazito, moyo ukiwa umeelemewa na ongezeko la damu mwilini.