Mbio Wakati wa Kipupwe

Njombe iko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na ufikapo mwezi wa Juni wengi wetu hujifunika blanketi tukingoja jua. Mwaka jana, siku nne kabla ya kuchaguliwa timu ya mbio ya shule, nalitoka bwenini alfajiri nikaanza kukimbia kwa nguvu, tena kwa hatua ndefu, nikidhani kuwa hatua ndefu ndiyo kasi. Nikaumia shavu la mguu. Timu naliitazama nikiwa nimekaa.

Mguu ukitupwa mbele mno, kisigino hutangulia kugusa ardhi, ukawa kama breki: kila hatua hukuzuia kidogo, na kishindo chake hupanda muundini hata gotini. Nao msuli uliopoa haunyumbuki vizuri, huchanika upesi.

Sasa natembea kwa haraka dakika tano, kisha nakimbia polepole dakika kumi, sweta mwilini. Ndipo nafanya hatua fupi za upesi, unyayo ukitua chini ya kiuno, wala si mbele yake. Rafiki yangu hunihesabia hatua za mguu wa kulia kwa nusu dakika. Nalianza na 38, leo ni 43. Mwanzoni pumzi hukatika, nisiwadanganye. Lakini kipupwe chafaa kazi hii, maana jua halichomi, nawe waweza kurudia zoezi mara nyingi.

Uchaguzi wa mwaka huu haujafika. Mguu hauumi.