Asilimia Tatu za Bahari

Mwanafunzi wangu mmoja alinijia ofisini akiwa na makala aliyotakiwa kuyafasiri. Yalihusu uzalishaji wa umeme kutokana na tofauti ya halijoto baina ya maji ya juu ya bahari na yale ya kilindini. Alikuwa ameandika: "Ufanisi wa mtambo huu ni asilimia 3." Akaniuliza, tena kwa dhati, kwa nini wataalamu wapoteze mali na miaka kwa jambo lililofeli kiasi hicho.

Sikumlaumu. Ufanisi umetokana na kufana, na harusi iliyofana hatuipimi kwa asilimia. Masikioni mwa Mswahili ufanisi ni kufaulu, na aliyezoea mitihani anajua vyema alama 3 kwa 100 humpeleka wapi. Mhandisi hasemi hayo. Yeye hulinganisha kazi iliyopatikana na joto lililoingia mtamboni, basi.

Mfaransa Sadi Carnot alieleza mwaka 1824 kwamba upeo wa mtambo wowote wa joto hutegemea halijoto mbili: ya mahali joto linapotoka na ya mahali linapotupwa. Tuchukue maji ya juu yenye nyuzi 26 za Selsiasi, na ya kina cha mita 1,000 yenye nyuzi 5. Tofauti ni 21. Igawe kwa 299, yaani 26 ukijumlisha 273 ili kuhesabu kuanzia sufuri halisi, nawe utapata asilimia 7. Huo ni mpaka wa maumbile, fundi awe stadi namna gani. Sehemu ya tofauti hiyo hutumika kulivusha joto kutoka majini hadi kwenye amonia, ambayo huchemka na mvuke wake kuzungusha mtambo. Pampu nazo hudai fungu lao. Hubaki 3 hivi, au pungufu.

Ndiyo maana siwaelewi wanaodai kwamba joto na halijoto ni kitu kimoja. Bahari ina joto jingi ajabu. Inachokosa ni tofauti kubwa ya halijoto. Na joto hilo halinunuliwi. Mtambo wa makaa ukipoteza joto, umepoteza makaa yaliyolipiwa. Huu ukilirudisha joto baharini, haukumpotezea mtu senti. Gharama imo katika bomba refu la kuvutia maji baridi na katika pampu zake.

Hapo ndipo penye mtihani wa kweli. Georges Claude alipojaribu nchini Cuba mwaka 1930 alipata kilowati 22, lakini pampu zilikula zaidi ya hizo. Mwaka 1979, pwani ya Hawaii, mtambo mdogo ulizalisha takriban kilowati 50. Zilizobaki baada ya pampu hazikufika 20. Ni chache, naam, ila zilibaki.

Isitoshe, mitambo ya mvuke wa ardhini duniani hugeuza, kwa wastani, takriban asilimia 12 tu ya joto kuwa umeme, na sijamsikia mtu akitaka Olkaria ifungwe kwa sababu hiyo.

Nilimpendekezea mwanafunzi "kiwango cha kugeuza joto kuwa kazi". Akasema ni refu mno, na nadhani alikuwa na haki. Tukakubaliana alibakishe neno ufanisi, mradi sentensi inayofuata ieleze ni joto gani linalopimwa, na ni kilowati ngapi zinazobaki pampu zikishakula zao.